Mbona fremu ya kadi ya harusi inaenda upande?

Kwenye simu kadi iko safi, fremu imenyooka pande zote nne. Ikitoka kwa mchapaji, kushoto fremu ni nene, kulia kimebaki kiuzi tu.

Wino hauna kosa hapo. Kadi hukatwa zikiwa rundo, na karatasi zikisogea hata milimita moja, fremu iliyobana ukingo inaliwa upande mmoja. Isogeze ndani angalau milimita 5, jicho halitagundua. Rangi inayofika ukingoni nayo ipitishwe milimita 3 nje ya mstari wa kukatia.

Kwenye tovuti hakuna kisu, ila fremu ya mistari miwili ikiwa chini ya pikseli 3 huonekana mstari mmoja.

Kabla ya kulipia kadi 200, omba uone moja iliyokwisha kukatwa.