Sekunde Mbili za Mwenge

Muhula uliopita niliibiwa simu kituo cha Mwenge. Ilikuwa kama saa 12 na nusu jioni, muda ule ambao Dar nzima inarudi nyumbani na konda ananing'inia mlangoni. Gari ilipofika tukajazana, mimi nikiwa na simu mkononi, najibu ujumbe kwenye grupu la darasa. Jamaa wa mbele yangu akasimama ghafla kama ameangusha kitu. Wa nyuma akanibana. Nilipopata upenyo wa kukanyaga ngazi, mkono ulikuwa mtupu. Sekunde mbili, labda tatu.

Siandiki kwa sababu ya simu. Simu niliililia siku mbili, ikaisha. Naandika kwa sababu ya mambo mengine mawili ya usiku ule, ambayo yangeweza kuzuilika, na ambayo hakuna aliyewahi kunieleza tangu nishuke kwenye basi na begi langu kutoka mkoani kuanza mwaka wa kwanza.

Kwanza wanaiba macho yako

Kibaka wa kituoni hatumii nguvu. Anachohitaji ni wewe uangalie pembeni kidogo tu. Mmoja anazuia njia, mwingine anabana, wa tatu anachomoa. Ndiyo maana wanapenda zile dakika za kuhama kutoka hali moja kwenda nyingine: unapanda gari, unashuka, unavuka barabara, unatoka kwa wakala huku unahesabu hela.

Sasa, ukitembea siku nzima unamshuku kila mtu, utachoka kabla ya mchana, na aliyechoka ndiye anayeibiwa kirahisi. Bora uchague dakika zako. Kabla gari haijasimama, simu iwe imeshaingia ndani, begi liwe kifuani, nauli iwe mkononi ili usifungue pochi mbele za watu. Ukikaa dirishani kwenye foleni, simu usiishike upande wa dirisha. Ukitembea kando ya barabara, tembea upande ambao magari yanakuja usoni kwako, mkoba ukae bega la mbali na lami. Pikipiki ya mkwapuaji utaiona inakuja. Na kama lazima usome ujumbe, simama, geuzia ukuta mgongo, soma, kisha endelea na safari.

Ikitokea wa pikipiki ameshika mkoba wako, achia. Ukishikilia utaburuzwa. Laptop inauma, najua, lakini uti wa mgongo haununuliwi Kariakoo.

Neno nililolitamka

Nilipogundua simu haipo nilipiga kelele: "Mwizi! Mwizi!" Sikuwa nimemwona mtu yeyote. Pale pale kijana mmoja alikuwa anakimbia kuwahi daladala ya mbele. Watu wakamdaka. Makofi ya kwanza yalitua kabla hajasema neno. Mwingine tayari alikuwa ameshika kipande cha tofali.

Aliyemwokoa ni mama mmoja muuza karanga. Alijipenyeza katikati akifoka, "Muacheni! Huyu ametoka kununua karanga kwangu sasa hivi!" Wakampekua. Walikuta madaftari, karanga na kitambulisho cha chuo chetu.

Wote tunajua neno "mwizi" linavyoweza kumaliza mtu katika miji yetu. Kujichukulia sheria mkononi ni kosa la jinai, lakini umati hausomi sheria. Kwa hiyo kelele ziwe za kuomba msaada: "Simu yangu! Nisaidieni!" Usimnyooshee kidole mtu ambaye hukumwona akichukua. Na akikamatwa kweli, tumia sauti yako kusema apelekwe polisi. Aliyeibiwa ndiye anayesikilizwa zaidi pale. Mimi nilisikilizwa, bahati mbaya nilikuwa nimekosea.

Saa moja ya kwanza

Kosa la pili nililifanya hosteli. Badala ya kufunga laini, nilikaa nasimulia. Kila mwenzangu akiingia naanza upya, tena kwa vitendo. Mpaka saa 4 usiku ndiyo napiga simu huduma kwa wateja.

Nyuma ya kava la simu nilikuwa naweka kitambulisho cha NIDA. Namba ya NIDA inaanza na mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Na namba yangu ya siri ya kutolea hela ilikuwa, kama ya wengi wenu mnaosoma hapa, mwaka wangu wa kuzaliwa. Bumu lililobaki, 180,000, lilitoka kwa muamala mmoja.

Halafu wakamtumia mama ujumbe kwa namba yangu: nimepata ajali, daktari anataka hela, simu yangu imepasuka kioo haipokei, atume kwenye namba hii. Mama alikopa 50,000 kwa jirani, akatuma. Usiku kucha aliamini niko wodini. Hela nimeshamrudishia. Usiku ule siwezi kuurudisha.

Kwa hiyo fanya haya leo, wakati simu bado ni yako:

Toa vitambulisho kwenye kava. Badilisha namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa.

Weka namba ya siri kwenye laini yenyewe, ili ikihamishiwa simu nyingine isifanye kazi. Usibahatishe namba ya mwanzo. Ukikosea mara 3 laini inajifunga mpaka uingize PUK, ile namba ya tarakimu 8 iliyo kwenye kile kikadi cha plastiki laini ilipotoka. Washa pia uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp.

Bonyeza *#06#, nakili ile IMEI ya tarakimu 15 kwenye daftari pamoja na namba 3 za watu wa karibu. Polisi watakuuliza IMEI, na wengi wetu hatujui hata namba ya mama kwa kichwa.

Kubaliana na nyumbani swali moja la siri. Sisi ni jina la paka wetu wa zamani. Asiyelijibu hatumiwi hata mia.

Ukiibiwa, omba simu ya mwenye laini ya mtandao wako, piga 100, funga laini na akaunti ya pesa. Kisha wajulishe nyumbani, kisha kafungue RB polisi. Kusimulia kuje mwisho. Ukipata zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", zipeleke 15040. Na bonyeza *106# uone kama kuna laini usizozijua zilizosajiliwa kwa jina lako.

Yule kijana nilikutana naye kantini wiki mbili baadaye. Nilimwomba radhi, nikamnunulia chai, akapokea bila kinyongo. Ila aliniambia kitu kimoja: siku hizi gari ikimuacha, inamuacha. Hakimbii tena kituoni.

Kila nikipita Mwenge jioni namkumbuka yeye kabla ya simu.