Madini adimu na lugha ya soko

WAFANYABIASHARA kadhaa wa Kariakoo na Mchikichini, jijini Dar es Salaam, hujifunza Kichina, lugha ya nchi wanakoagiza bidhaa. Je, nguvu ya China katika madini adimu itaifanya lugha hiyo kuwa ya dunia nzima?

China husafisha takriban asilimia 90 ya madini hayo, yanayotengenezea sumaku za magari ya umeme. Ilipobana mauzo ya aina saba Aprili 2025, viwanda vya Ulaya na Marekani vilitikisika.

Hata hivyo, madini peke yake hayaenezi lugha. Kiswahili kilifika Katanga karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara wa pembe za ndovu na shaba waliolowea huko, kisha kikakua migodini enzi za Wabelgiji. Jimbo lenyewe liliitwa Shaba kuanzia mwaka 1971 hadi 1997. Leo mchimbaji wa kobalti Kolwezi huzungumza Kiswahili, lakini bei hutangazwa London kwa Kiingereza.

Tanzania ina asilimia 16 ya mradi wa madini adimu wa Ngualla, mkoani Songwe, ambao mwaka 2025 ulihamia kwa kampuni ya Shenghe ya China. Watakaosimamia hisa hizo watahitaji Kichina kinachozidi kile cha kuulizia bei.