Theluji Inayopikwa Ziwani

Asubuhi ya Jumanne, Novemba 18, 2014, mtu aliyesimama katikati ya jiji la Buffalo, jimbo la New York, aliona anga la buluu juu ya kichwa chake. Akigeuza shingo kuelekea kusini, aliona ukuta. Ulikuwa ukuta wa wingu na theluji, umetoka Ziwa Erie na kuingia nchi kavu, ukingo wake umenyooka kana kwamba umepigiwa rula. Waliokuwa ndani ya ukuta huo hawakuweza kuona hata geti la nyumba yao. Waliokuwa nje yake, kilomita chache tu kaskazini, walikwenda kazini kama kawaida.

Tufani hiyo ilipokwisha, kitongoji cha Lancaster kilikuwa na theluji ya zaidi ya sentimita 160, kimo cha mtu mzima. Basi lililobeba timu ya wasichana ya mpira wa kikapu ya chuo kikuu kimoja lilikwama kwenye barabara kuu kwa zaidi ya saa 24. Watu wasiopungua 13 walikufa, kadhaa kati yao kwa mshtuko wa moyo, koleo mkononi, wakijaribu kufukua njia ya kutokea. Buffalo Bills, timu ya jiji hilo katika ule mpira wa Kimarekani, ilibidi icheze mechi yake ya nyumbani huko Detroit kwa sababu uwanja ulikuwa umezikwa. Na vitongoji vya kaskazini? Vilipata sentimita chache, za kufagia tu.

Ukimtajia Mswahili Maziwa Makuu, atawaza Victoria, Tanganyika na Nyasa. Wamarekani na Wakanada nao wana ya kwao matano: Superior, Michigan, Huron, Erie na Ontario. Superior, lenye kilomita za mraba zipatazo 82,000, ndilo ziwa pekee la maji matamu linaloizidi Victoria kwa ukubwa wa uso. (Nasema maji matamu kwa makusudi, nikisema maji baridi tutachanganyana, maana habari yote hii ni ya maji yenye joto.)

Hilo ndilo jambo ambalo mgeni hulielewa kwa shida. Tunapoona picha za nyumba zilizofunikwa hadi madirishani, tunailaumu baridi. Lakini baridi ipo pia mikoa ya jirani, tena pengine kali zaidi, na huko theluji haifiki magotini. Kinachozidi Buffalo ni joto la ziwa.

Maji hayaachi joto lake upesi. Kiangazi chote ziwa hunywa jua. Ikifika Novemba miti imeshapukutisha majani na udongo umeanza kuwa mgumu, lakini maji ya Erie bado yana nyuzi 8 au 9 za Selsiasi. Kwa mkazi wa Tanga hayo ni maji ya jokofu. Kwa hewa inayoteremka kutoka kaskazini mwa Kanada, ambayo kwenye kimo cha mita 1,500 inaweza kuwa nyuzi 15 chini ya sifuri, hayo ni maji ya moto. Watabiri wa huko wana kipimo chao cha mkono: tofauti ya joto kati ya uso wa ziwa na hewa ya kimo hicho ikifika nyuzi 13, jiko limeshawaka.

Fikiria sufuria iliyoepuliwa na kutolewa nje alfajiri ya Julai kule Makete. Mvuke unaoruka pale ndio unaoruka pia juu ya Erie, isipokuwa sufuria yenyewe ina kilomita za mraba zaidi ya 25,000. Hewa ya chini inapashwa, inajaa unyevu, inakuwa nyepesi, inapanda. Ikipanda inapoa, unyevu unakuwa wingu, wingu linakuwa theluji. Mara nyingine hupanda kwa nguvu hadi radi zikapiga, theluji ikawa inaanguka huku ngurumo zikirindima. Mtu akisimuliwa hilo bila kuliona anaweza kudhani anapigwa kamba.

Lililobaki ni la upepo. Ukilikata ziwa kwa upana, hewa inapata safari fupi na theluji inamwagika kidogo huku na kidogo kule. Ukivuma kutoka kusini-magharibi, unalifuata ziwa kwa urefu wake wote, karibu kilomita 390, na mawingu yanajipanga katika mkanda mmoja mwembamba, wa kilomita 10 au 20 tu kwa upana. Mkanda huo unaweza kumwaga sentimita 10 kwa saa. Buffalo imekaa mwisho kabisa wa njia hiyo, kwenye mdomo wa chupa. Manahodha wetu wa majahazi huita demani upande ule upepo unakoelekea. Kwenye maziwa haya, demani ndiko nyumba zinakozikwa.

Basi mtabiri wa Buffalo haulizwi kama kesho kuna theluji. Anaulizwa mtaa gani. Upepo ukigeuka nyuzi chache za dira, mkanda unahama kilomita nyingi, na aliyeambiwa afunge duka anabaki mlangoni akiota jua na kusonya. Sisi tunaowacheka watabiri wetu kwa mvua iliyonyesha Mbagala ikairuka Mbezi, tungewaonea huruma hao.

Mahali pengine hali ni mbaya kuliko Buffalo, ila hapasikiki kwa sababu wakazi ni wachache. Mashariki mwa Ziwa Ontario kuna uwanda ulioinuka uitwao Tug Hill. Hewa iliyokwisha kushiba unyevu ikifika hapo inalazimika kupanda tena, inakamuliwa kama kitambaa. Februari 2007 kijiji cha Redfield kilipata zaidi ya mita 3.5 za theluji kwa siku zipatazo 10. Mji wa Erie, Pennsylvania, nao hauwezi kuisahau Krismasi ya mwaka 2017: zaidi ya sentimita 80 kwa siku ile moja, na kufikia kesho yake zimepita mita moja na nusu.

Ziwa likiganda, jiko huzimika. Erie lina wastani wa kina cha mita 19 tu, ndiyo maana hupoa upesi na miaka mingi sehemu yake kubwa hufunikwa na barafu. Wakazi huisubiri barafu hiyo kama sisi tunavyosubiri masika iishe. Ontario, lenye wastani wa mita 86, huganda kwa nadra, na wa Tug Hill huendelea kupokea hadi Machi.

Mwaka mmoja barafu yenyewe iliwageuka watu wa Buffalo. Majira ya baridi ya 1976 kuingia 1977 Erie liliganda mapema, kufikia katikati ya Desemba, na watu wakashusha pumzi. Wiki baada ya wiki theluji laini ikatandikwa juu ya ile barafu, maelfu ya kilomita za mraba, kama unga juu ya meza. Januari 28, 1977, upepo ukaja na kuisukuma yote mjini. Theluji mpya iliyoanguka siku zile haikuwa nyingi; iliyowazika watu ilikuwa ya zamani, iliyolala ziwani ikingoja. Walikufa 29.

Mabaharia wana chuki yao ya pekee na mwezi wa Novemba, na sababu ni joto lile lile. Majira ya kuchipua, maji yakiwa baridi kuliko hewa, upepo mkali wa juu huteleza bila kugusa ziwa sana. Novemba hewa inachemka kutoka chini, inavurugika, na upepo wa juu huvutwa hadi usoni mwa maji. Mawimbi ya maziwa haya ni mafupi na yamesimama wima, yanafuatana bila kukupa nafasi ya kupumua; aliyezoea bahari kuu huyaona mabaya kuliko ya baharini. Juu ya hayo, rasharasha za mawimbi zikiruka kwenye sitaha iliyo chini ya sifuri hugandia pale pale. Kila wimbi linaongeza ukoko wa barafu, meli inaelemewa juu, na mabaharia wanatoka na nyundo kuugonga huku wakiyumba.

Tufani ya Novemba 7 hadi 10, 1913, iliua zaidi ya watu 250 na kuzamisha meli 12, nyingi kati yake katika Ziwa Huron. Moja ya hizo, Charles S. Price, ilikutwa ikielea chini juu, mkuku angani. Kwa siku kadhaa hakuna aliyejua ni meli gani, mpaka mzamiaji aliposhuka kusoma jina lake.

Lakini inayotajwa zaidi ni Edmund Fitzgerald. Meli hiyo ya mita 222 iliondoka bandari ya Superior, Wisconsin, Novemba 9, 1975, na shehena ya tani zipatazo 26,000 za tembe za madini ya chuma, kwenda Detroit. Nahodha wake alikuwa Ernest McSorley. Kesho yake jioni rada zake zilikuwa zimeharibika, meli imeanza kulalia upande, na taa ya kuongozea meli ya Whitefish Point ilikuwa imezimwa na tufani. Nyuma yake ilifuata meli nyingine, Arthur M. Anderson, iliyokuwa ikimwelekeza kwa redio. Wakazungumza saa moja na dakika kumi usiku. Halafu wingu la theluji likapita katikati ya meli hizo mbili. Lilipoondoka, Anderson iliona taa za meli nyingine za mbali. Za Fitzgerald hazikuwepo. Watu wote 29 walizama nayo, na meli ikakutwa imekatika vipande viwili kwenye kina cha mita 160. Wataalamu wanabishana hadi leo nini hasa kiliivunja. Mwimbaji wa Kanada, Gordon Lightfoot, aliitungia wimbo mwaka uliofuata, na ndiyo sababu hata asiyejua Superior liko wapi analijua jina la meli.

Siku hizi utabiri umekuwa mzuri kiasi kwamba manahodha hujificha nyuma ya rasi siku moja kabla, wakatia nanga na kunywa kahawa. Malango ya Soo, yanayoziteremsha meli kutoka Superior kwenda Huron, kwa kawaida hufungwa Januari 15 na kufunguliwa Machi 25. Nchi kavu ndiko utabiri mzuri unakokosa miguu.

Desemba 2022 ilionyesha hilo huko Buffalo. Tufani ya Krismasi ilitangazwa siku kadhaa kabla, kwa maneno makali ambayo watabiri hawayatumii ovyo. Amri ya kuzuia magari, hata hivyo, ilianza kufanya kazi saa tatu na nusu asubuhi ya Ijumaa, Desemba 23, wakati wafanyakazi wengi walishatoka majumbani. Asiyekwenda kazini angekosa ujira wa siku hiyo, siku mbili tu kabla ya sikukuu. Theluji ilipokwisha, wilaya ya Erie, ile ya Buffalo, ilihesabu maiti 47. Baadhi walikutwa ndani ya magari, baadhi barabarani kwa miguu, baadhi nyumbani kwao ambako joto lilikatika au gari la wagonjwa halikuweza kufika. Wengi wa waliokufa ndani ya jiji walikuwa watu weusi. Kwa maoni yangu habari hiyo si ya hali ya hewa tena.

Kiswahili nacho kilikuwepo. Buffalo, Erie na Grand Rapids ya Michigan zimepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo na Burundi, baadhi yao watu wa kando ya Tanganyika. Wamehama Maziwa Makuu wakafikia Maziwa Makuu. Mtu wa Uvira anajua ziwa linavyobadilika rangi kabla ya dhoruba. Ambalo hakufundishwa na mtu ni kwamba gari likikwama kwenye theluji usiache injini inawaka kabla hujafukua bomba la moshi, maana hewa yake inaua kimya kimya.

Isitoshe, mambo ya ziwa lenye joto si mageni kwetu. Usiku nchi kavu inayolizunguka Victoria hupoa, ziwa likabaki na joto lake. Upepo unatoka pande zote za nchi kavu kwenda majini, unakutana katikati, unapanda, na radi zinaanza. Ni saa zile zile wavuvi wa dagaa wanapokuwa ndani, taa zimewashwa juu ya maji, giza ndilo soko lao. Erie na Victoria zinatofautiana kwa kinachoanguka tu.

Aprili, Buffalo huwa na ugomvi wake mwingine. Tangu miaka ya 1960 kila majira ya baridi hutandazwa mnyororo wa maboya mazito, karibu kilomita 2.7, pale ziwa linapoingia Mto Niagara, ili barafu isizibe milango ya mitambo ya umeme. Maboya hayaondolewi mpaka barafu ipungue. Wazee wa mjini wanashikilia kwamba mnyororo huo ndio unaowacheleweshea majira ya kuchipua. Wahandisi wanasema hapana, wana vipimo. Kila mwaka wanabishana, na kila mwaka siku maboya yanapoanza kutolewa kuna watu wanaosimama ukingoni na makoti yao kutazama vipande vya barafu vikishuka mtoni, kimoja kimoja, kuelekea maporomoko.