Kujifungulia Majini Nyumbani: Anza kwa Kupanga Njia ya Kutoka

Bwawa la kuzalia la nyumbani, lile la mpira linalojazwa upepo, likiwa tayari huwa na maji kati ya lita 500 na 650. Kila lita ni kilo moja. Ongeza uzito wa mama, na wa mumewe akiingia kumshika mgongo, utaona sakafu imebeba karibu robo tatu ya tani. Ndiyo maana kule Uingereza, mkunga anayemtembelea mama mwenye nia ya kujifungulia majini hukikagua chumba pia, hapimi presha tu. Sakafu ni ya mbao au ya zege? Ni ghorofa ya ngapi? Ngazi zina kona kali? Machela inapita mlangoni? Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, na nitalirudia.

Naandika haya kwa sababu picha za video za akina mama wakijifungua katika mabwawa sebuleni, mishumaa ikiwaka pembeni, zinazunguka kwenye simu za wajawazito wa Dar es Salaam na Nairobi sawa na za wenzao wa London na Leicester. Katika picha hizo mtoto huibuka, mama hulia kwa furaha, basi. Mkunga haonekani, na chupa ya oksijeni iliyoegeshwa nyuma ya kochi haionekani. Wala hauonekani mfumo mzima wa tiba uliosimama nje ya mlango, tayari kuitwa. Mimi naiona njia hii ya kujifungua kuwa nzuri kwa mama anayefaa na penye huduma zinazofaa, na ndiyo sababu napenda ielezwe nzima, pamoja na sehemu zake zisizopendeza kwenye video.

Matumizi ya bwawa katika uzazi wa hospitali yalijulikana sana kupitia Michel Odent, daktari wa Ufaransa aliyefanya kazi katika hospitali ya mji mdogo wa Pithiviers. Alitaka akina mama wapumzike katika maji ya vuguvugu wakati wa uchungu. Baadhi yao walikolewa na uchungu humo humo na watoto wakazaliwa kabla mama hajatoka. Mwaka 1983 aliandika habari za uzazi 100 wa namna hiyo katika jarida la tiba la Lancet. Uingereza ndiko jambo hili lilikoota mizizi. Mwaka 1992 kamati ya afya ya Bunge la nchi hiyo ilipendekeza hospitali ziwape wanawake nafasi ya kutumia bwawa pale inapowezekana, na leo mama mwenye mimba ya kawaida anaweza kumwomba mkunga wa serikali amfuate nyumbani. Huduma hiyo haina malipo kwa wanaostahili tiba ya umma. Bwawa lenyewe ndilo familia hulikodi au kulinunua.

Maji yanasaidiaje? Mwili ukizama mpaka kifuani, uzito wake mwingi hubebwa na maji. Mama aliyekuwa hawezi kugeuka kitandani bila kushikwa anaweza kupiga magoti, kuchuchumaa, kuegemea ukingo au kulala ubavu kwa nguvu zake mwenyewe, na nyonga zake zikapata nafasi ya kufunguka. Joto hulegeza misuli. Kuna pia homoni: hofu na baridi huongeza adrenalini, na adrenalini hupunguza nguvu ya oksitosini, homoni inayouendesha uchungu. Mama aliyetulia, kwenye mwanga hafifu, asiyeguswaguswa ovyo, uchungu wake huenda vizuri zaidi. Akiingia mapema mno, uchungu unaweza kupoa, ndiyo maana wakunga wengi humwambia asubiri mpaka ushike sawasawa. Ukilegea akiwa ndani, atoke, atembee, ale kitu, kisha arudi.

Utafiti unaunga mkono sehemu ya haya. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2018 kutoka Cochrane, mtandao wa watafiti wa tiba, yaliyojumlisha tafiti 15 zenye wanawake zaidi ya 3,600, yalionyesha kwamba wanaokaa majini katika hatua ya kwanza ya uchungu hupungukiwa kidogo na haja ya sindano ya ganzi ya mgongoni. Hayakuonyesha kwamba maji yanapunguza upasuaji, na anayekuambia hivyo anaongeza chumvi.

Kuhusu mtoto kuzaliwa ndani ya maji, wataalamu hawajaafikiana. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani, ACOG, katika waraka wake wa mwaka 2016 kilikubali mama mwenye mimba iliyotimia akae majini wakati wa uchungu, lakini kikapendekeza mtoto azaliwe nje ya maji. Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya utafiti wa POOL wa England na Wales, uliochunguza kumbukumbu za wanawake zaidi ya 87,000 waliotumia maji. Kwa wale wasiokuwa na matatizo, waliojifungulia ndani hawakuchanika vibaya zaidi ya waliotoka nje kabla ya mtoto kuzaliwa, na watoto wao hawakuwa katika hatari kubwa zaidi. Kilichoonekana kuongezeka ni kitovu kukatika chenyewe kabla hakijabanwa, karibu uzazi 1 katika kila 100 wa majini. Hutokea zaidi mtoto anapoinuliwa kwa haraka huku kitovu ni kifupi. Mkunga aliyejiandaa hukibana mara moja. Asiyejiandaa anaweza kumwacha mtoto apoteze damu.

Hapo tumezungumzia maji tu. Nyumbani ni suala jingine, na watu wengi huyachanganya. Utafiti mkubwa wa Birthplace, uliotangazwa Uingereza mwaka 2011, ulifuatilia wanawake zaidi ya 64,000 wenye mimba zisizo na hatari kubwa. Kwa waliokwisha kuzaa, nyumbani hakukuwa na hatari zaidi kwa mtoto kuliko hospitalini. Kwa wanaozaa mara ya kwanza, madhara makubwa kwa mtoto yalikuwa takriban 9 katika kila uzazi 1,000 uliopangwa nyumbani, dhidi ya 5 hospitalini. Na kati ya hao wa mara ya kwanza, asilimia 45 walihamishiwa hospitali wakati wa uchungu au mara tu baada ya kujifungua. Kwa waliokwisha kuzaa ilikuwa asilimia 12. Sababu iliyoongoza ilikuwa uchungu kwenda polepole, si dharura. Hata hivyo, mama wa mimba ya kwanza aelewe kwamba karibu nusu ya wenzake waliopanga kubaki nyumbani hawakumalizia huko. Nikiulizwa na mama wa namna hiyo, humwelekeza kwenye kituo cha wakunga kilicho ndani ya eneo la hospitali: bwawa analipata, na daktari yuko hatua chache kutoka hapo.

Wapo wasiofaa kabisa kuzalia majini nyumbani: mwenye mapacha, mwenye mtoto aliyetanguliza makalio, mwenye presha ya mimba, mwenye kifafa, anayetokwa na damu, aliye na homa, au ambaye mimba haijafika wiki 37. Aliyewahi kuzaa kwa upasuaji huhitaji ushauri wa daktari na, kwa kawaida, mapigo ya moyo wa mtoto wake kufuatiliwa mfululizo hospitalini. Mwenye upungufu mkubwa wa damu naye asijaribu, kwa sababu kiasi cha damu ambacho mwenzake angekihimili chaweza kumwangusha yeye.

Sasa maji yenyewe. Mwongozo wa Uingereza unataka joto lisizidi nyuzi 37.5, lipimwe kila saa pamoja na joto la mama. Mtoto aliye tumboni huwa na joto zaidi kidogo kuliko mama yake, na hana njia ya kujipoza. Mama akipata joto kupita kiasi, moyo wa mtoto huanza kwenda mbio. Kipimajoto ni lazima. Kiwiko cha mkono hakitoshi.

Bwawa hujazwa uchungu unapoanza kukolea, kwa mpira mpya wa maji uliofungwa kwenye bomba la jikoni. Ni kazi inayoweza kuchukua saa nzima au zaidi, na ndipo familia nyingi hugundua kwamba boila yao huishiwa maji ya moto bwawa likiwa nusu. Ukoo wote huanza kuchemsha masufuria. Fanyeni jaribio wiki kadhaa kabla: jazeni, pimeni muda, mwageni, kausheni. Msilijaze bwawa siku kadhaa mapema na kuliacha na mashine ya kupasha moto. Maji ya vuguvugu yaliyokaa huzalisha bakteria wa legionela, na mwaka 2014 mtoto mmoja Uingereza aliugua homa kali ya mapafu kwa sababu hiyo. Mamlaka za afya zilitoa onyo dhidi ya mabwawa ya aina hiyo.

Vifaa vingine ni vya kawaida: plastiki safi ya kutandika ndani ya bwawa, shuka za plastiki za sakafuni, taulo nyingi, tochi isiyoingia maji, kioo cha mkono cha kuonea chini ya maji, na chujio la kuokotea vinyesi na mabonge ya damu. Ndiyo, vinyesi. Mama anaposukuma, choo hutoka kidogo, na mkunga hukiondoa kimya kimya bila mtu kufanya uso. Kwa akina mama wanaochunga stara, hakuna kanuni inayowataka wavue kila kitu. Fulana ndefu inatosha, au leso iliyofungwa kifuani, mradi mkunga aweze kuona pale anapohitaji kuona.

Uchungu ukishika, mkunga wa kwanza hukaa, na wa pili huitwa mtoto anapokaribia. Kila dakika 15 anaweka kipimo kisichoingia maji juu ya tumbo na kusikiliza moyo wa mtoto. Wakati wa kusukuma ni kila dakika 5. Mama hunywa maji mara kwa mara na kutoka kukojoa. Gesi ya kuvuta ya kupunguza maumivu anaweza kuitumia humo humo, ila akichomwa dawa za jamii ya morfini haruhusiwi majini mpaka zipite saa mbili na kusinzia kumekwisha.

Kichwa kinapotokeza, mikono ya mkunga kwa kawaida hukaa mbali. Mama mwenyewe huweka kiganja chake na kukisikia. Swali la kila bibi na kila shemeji ni moja: mtoto hatazama? Tumboni mtoto hapumui hewa. Oksijeni humfikia kutoka kondo la nyuma kupitia kitovu. Akitoka katika maji yenye joto la mwili, bado hajakutana na hewa wala baridi ya kumshtua avute pumzi, na kitovu huendelea kumhudumia kwa muda mfupi. Kinga hiyo ina masharti. Mtoto aliyekwisha kuchoka kwa kukosa oksijeni anaweza kuvuta pumzi akiwa chini, kwa hiyo mapigo yakileta shaka mama hutolewa hapo hapo. Na kichwa kikishatoka hewani kwa sababu mama ameinua nyonga, hakirudishwi majini.

Akizaliwa, huinuliwa bila pupa, uso ukitangulia, akalazwa kifuani kwa mama, kichwa nje na mwili ndani ya joto. Wengi wa watoto hawa hawapigi ukelele. Hufungua macho, hukunja ngumi, rangi yao hubaki ya samawati kidogo kwa muda. Familia hushtuka, lakini mkunga tayari ameshika kitovu kuhesabu mapigo na anaangalia kama viungo vina nguvu.

Kisha linakuja kondo la nyuma, na hapa ndipo ninapowaomba akina mama wasing'ang'anie maji. Damu ikizidi mililita 500 baada ya kujifungua huhesabiwa kuwa imevuka kawaida, na nusu lita ya damu ndani ya lita 600 za maji haipimiki kwa macho. Nje ya bwawa mkunga anaona, anapima, anachoma sindano ya oksitosini pajani.

Damu isipokoma, mama huhamishiwa hospitali, na ndiyo maana mlango na ngazi ni muhimu. Mpango ulioandikwa vizuri unasema nani atamsaidia mama kutoka, atapita wapi, gari la wagonjwa litaegesha wapi, hospitali iko dakika ngapi, na watoto wakubwa watabaki na nani. Unasema pia itakuwaje ikiwa usiku huo wakunga ni wachache na hakuna wa kuja, jambo linalotokea. Mama na mkunga wajizoeze maneno ya amri fupi: "Simama. Toka sasa." Anayesikia hayo hatakiwi kuuliza sababu, ataelezwa akiwa nje.

Kwa msomaji aliye Tanzania, Kenya au Uganda, bwawa linaweza kupatikana, hata mtandaoni. Ambacho hakipatikani kirahisi ni wakunga wawili wenye vifaa vya kumsaidia mtoto kupumua, gari la wagonjwa linalofika kwa dakika chache, na damu inayosubiri mwisho wa safari. Tanzania ilipandisha uzazi wa vituoni kutoka asilimia 63 katika utafiti wa mwaka 2015–16 hadi asilimia 81 mwaka 2022, na hayo ni maisha ya watu. Usijitoe humo kwa ajili ya video.

Ila usiache kudai kile ambacho maji humpa mama. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2018 kuhusu huduma wakati wa uchungu, linataka mama awe na mtu amtakaye kando yake, atembee, achague mkao, achuliwe mwili, na akandwe kwa vitambaa vya moto apendapo. Nenda kliniki kabla mimba haijafika miezi minane, muulize mkunga wako: naruhusiwa kuja na nani, naruhusiwa kuchuchumaa, kuna bafu lenye maji ya moto? Na kama uko Uingereza na mimba yako ni ya kawaida, mwambie mkunga mapema kwamba unataka maji, kisha mwonyeshe mlango.