Soma lebo kabla ya kutoa pesa

Mpaka leo mzee wangu hamsahau Shekhar Mehta, aliyeshinda Safari Rally ya 1973 kwa Datsun 240Z. Basi tulipoiona moja inauzwa hapa Blaine, nilikuwa tayari kulipa. Muuzaji aliapa: ndani kila kitu ni orijino.

Mzee akafungua mlango, akasoma kibati kwenye fremu: gari ilitengenezwa Agosti 1971. Akavuta mkanda wa dereva, akageuza lebo: 1974.

"Mkanda wa orijino hauzaliwi baada ya gari, mwanangu. Kama huu ulibadilishwa, viti je?"

Tukakagua upya viti, kapeti na dashibodi, tukaomba punguzo. Tukapata. Siku hizi nasoma lebo kwanza, ndio nasikiliza maneno.