Bei ya nyumba haipande kwa mdomo wa mtu mmoja

Bei ya koltani ikipanda Rubaya, chumba cha mbao nacho kinapanda. Baba yuko juu kwenye kare, ni wiki ya pili hajashuka. Mwenye nyumba anapitia kwa mama asubuhi: kuanzia mwezi huu ni bei mpya, kama haiwezekani wengine wanangoja. Mama analipa ju ya woga. Karatasi hakuna.

Sheria iko, wasomaji wetu. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 desemba 2015, juu ya nyumba za kulipia, inaomba kontra iandikwe, na garanti ya nyumba ya kukaa isipite loyer ya miezi 3. Kuna tena dekreti ya 30 julai 1888, ya zamani kabisa lakini bado inatumika. Article yake ya 33 inafanya kontra kuwa sheria ya wale wawili walioipatana. Kuigeuza kunaomba wote wawili wakubali, ao sababu ambayo sheria yenyewe inaruhusu.

Basi mwenye nyumba akiomba bei ipande, hajakosa. Naye ana watoto, na mabati yananunuliwa kwa feza. Kosa ni kuamua peke yake. Mama anaweza kumujibu kwa heshima: "Tumesikia, papa. Baba ya watoto akishuka tutaongea, na tutaandika."

Kuandika hakuombi avoka. Kwenye karatasi ya pili, ile watu wa sheria wanaita avenant, mutaje kontra ya kwanza na tarehe yake. Kisha muandike bei ya zamani, bei mpya, ni franka ao dola, na mwezi gani inaanza. Mumalize kwa kuandika kwamba mengine yote yanabaki vile yalikuwa. Maneno hayo machache ndiyo yanakinga garanti yenu, choo, na kile kipande cha uwanja mama anapouzia ndizi. Kila mtu atie sinyatire ao kidole, na mashahidi vilevile, kwa makopi mawili. Mupige na picha, muitume kwa ndugu aliye mbali. Huku kwetu karatasi inasahaulika siku ya kukimbia.

Jambo lingine tunalisisitizia: jina la mama. Kontra nyingi zina jina la baba peke yake, ao la PDG wa shimo aliyewalipia wachimbaji wake. Siku udongo ukianguka, mjane anaambiwa kontra imekufa pamoja na bwana. Si kweli, kifo cha mpangaji peke yake hakivunji kontra. Lakini mama ambaye jina lake liko kwenye karatasi hana haja ya kubishana akiwa kwenye matanga. Kuongeza jina ni badiliko kama lingine, linaandikwa vilevile.

Na kubadilisha si kupandisha tu. Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji Kivu zote mbili na Maniema, mpaka machi 2011. Machi 2025 kampuni Alphamin ilisimamisha kazi Bisie vita ilipokaribia Walikale, ikaanza tena aprili. Kazi ikisimama, mpangaji naye anaweza kuomba bei ishuke kwa miezi fulani. Wenye nyumba wengi wangekubali kuliko kubaki na chumba kitupu. Ila iandikwe bei inarudi lini, na kama kile kilichopunguzwa kitadaiwa nyuma ao hapana. Hapo ndipo ugomvi unazaliwa.

Mukishindwa kupatana, mutafute kwanza shefu wa kijiji ao bureau ya habitat, pale inapofanya kazi, ndipo tribinali ya amani, ile munaita tripaix. Wakati huo muendelee kulipa bei ya zamani na kuomba risiti. Asiye na kontra yoyote aanze kwa kuandika ile bei anayolipa leo, mbele ya kuongea ile ya kesho.