Diski ya bei ndogo, je, iko na faida? Namna ya kulinganisha diski za kukata na kusugua chuma katika ateliye ya koperative



Kila mwaka, kufika mwezi wa nane, kazi inakuwa mingi katika ateliye za koperative zetu. Mvua ya msimu A iko karibu kurudi. Majembe yanapaswa kunolewa, brueti zinapaswa kusudewa, mashini ya kusaga muhogo inataka kutengenezwa kabla mavuno hayajaingia depo. Ndani ya kazi hizi zote kuna kitu kimoja kidogo ambacho kinakula feza ya kesi kimya kimya: ni diski za ile mashini ya kushika mukononi ya kukata na kusugua chuma (melezi).

Makomite wanatuuliza ulizo moja mara kwa mara: tukinunua diski za bei ndogo zinaisha mbio, tukinunua za bei kubwa kesiye analalamika, basi tushike gani? Jibu letu ni hili: bei ya diski haisemi kitu mpaka muhesabu bei ya mukato mumoja. Katika nambari hii tunaonyesha namna ya kuhesabu, namna ya kusoma maandiko ya juu ya diski, na mambo ambayo hata diski ya bei ndogo sana haiwezi kulipa.

Kwanza: kila diski na kazi yake

Sokoni diski zote zinafanana kwa macho, lakini kuna aina tatu ambazo tunapaswa kutofautisha.

*Diski ya kukata* iko nyembamba: milimetri 1, 1,6, 2,5 ao 3. Imefanywa ikate kwa ukingo wake tu. Ukiilaza na kusugua nayo pembeni, unaivunja.

*Diski nene ya kusugua* iko na unene wa milimetri 6 hivi, na katikati imebonyea. Inaondoa chuma mingi: alama za kusudea, mikwaruzo mikubwa, ukingo uliopasuka.

*Diski ya lameli* ni ile ya vipande vingi vya karatasi ya msasa vilivyopangwa kama magamba ya samaki. Inauzishwa kwa nambari: 40 ni kali, 60 na 80 ni za kati, 120 ni laini. Hii ndiyo inafaa kwa majembe na panga, sababu haitii moto sana kwenye chuma.

Kuhusu unene, wengi wanafikiri diski ya milimetri 3 ni bora kwa sababu inaonekana nguvu. Lakini angalieni: ili kukata feri ya 12, diski ya milimetri 3 inapaswa kugeuza unga wa chuma mara tatu kuliko diski ya milimetri 1. Unga huo wote unakula nguvu ya mashini, esansi ya grupu na dakika za fundi. Diski ya milimetri 1 inafaa kwa manjanja, tibu, kornieri ndogo na feri za kawaida. Ile ya 2,5 ao 3 tuiache kwa chuma kinene, na kwa fundi ambaye mukono wake ungali unatikisika, sababu diski nyembamba haipendi kupindishwa ndani ya mukato.

Kusoma maandiko

Diski ambayo haina maandiko, musinunue. Diski ya kweli iko na mambo haya:

- Kipimo chake, kwa mufano 115 x 1,0 x 22,23. Ni upana, unene na tundu la katikati, kwa milimetri.
- Aina ya mchanga wake. Herufi A ni kwa chuma. Herufi C ni kwa mawe na betoni. Ukikata chuma na diski ya C, itaisha mbele ya macho yako, na kosa si la muuzishaji.
- Ukubwa wa punje: 24 ni punje kubwa, 60 ni ndogo. Kisha herufi ya ugumu, kisha BF, maana yake punje zimeshikwa na gundi yenye nyuzi ndani.
- Mwendo wa mwisho. Kwa diski ya 115 mutakuta karibu mizunguko 13.300 kwa dakika, kwa 125 ni 12.250, kwa 180 ni 8.500 hivi, kwa 230 ni 6.650 hivi. Zote zinarudi kwenye mwendo mumoja wa ukingo: metri 80 kwa sekonde, ni kusema kilometri 288 kwa saa.
- Tarehe ya mwisho. Iko kwenye pete ndogo ya chuma katikati. Diski za namna hii zinahesabiwa miaka 3 tangu kufanywa. Gundi inachoka, zaidi pahali pa unyevu kama kwetu.

Kama munatengeneza sahani ao mashini ya inox kwa ajili ya chakula, tafuteni diski iliyoandikwa «inox», na musiitumie kwa chuma cha kawaida. Unga wa chuma ukibaki juu ya inox, kutu itaanza pale pale.

Hesabu ya mukato mumoja

Sasa tufike kwenye feza. Nunueni diski moja moja ya kila aina mbele ya kununua kartoni. Kamateni feri moja ya 12, fundi mumoja, mashini moja, grupu moja. Kateni na diski ya kwanza mpaka upana wake ufike milimetri 75, mukihesabu mikato na kuangalia saa. Kisha mufanye vile vile na ya pili. Musibadilishe fundi katikati, sababu mukono wa mutu ni nusu ya matokeo.

Tuseme, kwa mufano tu, diski ya kwanza ni franka 1.500 na imekata mara 10. Bei ya mukato ni franka 150. Diski ya pili ni franka 4.000 na imekata mara 35. Bei ya mukato ni franka 114. Koperative iko na mikato 300 ya kufanya. Kwa aina ya kwanza munahitaji diski 30, ni franka 45.000. Kwa aina ya pili munahitaji diski 9, ni franka 36.000. Ile «ya bei kubwa» imebakiza franka 9.000 ndani ya kesi.

Ongezeni wakati. Kama ya kwanza inashika sekonde 15 kwa mukato na ya pili sekonde 7, mikato 300 ni saa moja na dakika 15 kwa upande mumoja, dakika 35 kwa upande wa pili. Ile tofauti ya dakika 40, grupu linanguruma na esansi inaenda.

Lakini tusidanganyane: bei kubwa si ushahidi. Kama ile ya franka 4.000 ingekata mara 20 tu, kila mukato ungekuwa franka 200, na ile ndogo ndiyo ingeshinda. Kuna kanuni rahisi: gawanyeni bei kubwa kwa bei ndogo. Hapa 4.000 kwa 1.500 ni karibu 2,7. Basi diski ya bei kubwa inapaswa kukata zaidi ya mara 2,7 ya ile ndogo. Kama ndogo inakata 10, kubwa ivuke 27. Chini ya hapo, kesiye iko na haki ya kulalamika.

Mbona diski nzuri inaisha mbio?

Mara nyingi tunakuta diski haiko na kosa. Kosa liko mahali pengine.

*Grupu liko zaifu.* Mashini ya 115 inazunguka karibu mara 11.000 kwa dakika ikiwa huru. Umeme ukipunguka, mwendo unashuka, na diski ikienda polepole punje zake zinang'oka mbele ya kazi kuisha. Diski ngumu inakuwa kama laini. Kwa mashini ya wati 800 tunashauri grupu la kilowati 2, bila kuunganisha pampu na redio na masimu ya kijiji nzima juu yake.

*Fundi anakandamiza.* Uzito wa mashini yenyewe unatosha karibu kabisa. Ukikandamiza, mwendo unashuka tena na joto linapanda. Sikilizeni sauti: ikilia kama gari inayopanda mulima, punguzeni mukono.

*Diski inatupwa mapema.* Hapa hesabu inashangaza wengi. Mutu anaanza na 115, akifika 90 anaitupa. Anafikiri amebakiza kidogo tu. Lakini sehemu ya inje ya diski na ile ya ndani ni mviringo, si mustari. Kutoka 115 mpaka 90 umetumia sehemu mbili kati ya tatu za ile ungeweza kutumia mpaka 75. Sehemu moja ya tatu imeenda kwenye takataka. Ni kweli diski ikipunguka inakata polepole, kwa sababu kwenye 75 ukingo unaenda metri 43 kwa sekonde, wakati kwenye 115 ulikuwa 66. Basi zile ndogo muziweke kwa manjanja na kazi nyepesi, na ile mpya kwa chuma kinene.

*Diski imelala vibaya.* Zipangeni zikilala, juu ya ubao, pahali pakavu, mbali na esansi na mafuta. Musiziache juu ya udongo wa depo.

Majembe na panga: musichome makali

Kuna hasara ambayo haionekani dukani. Fundi ananoa panga kwa diski nene, cheche zinaruka, ukingo unageuka rangi ya bluu. Anaona imekuwa kali. Kesho shambani panga inapinda kama karatasi. Rangi ya bluu inaonyesha kwamba chuma kimepita karibu digri 300, na ule ugumu wake umepunguka. Hata panga ya resori ya kamio, ambayo ni chuma kizuri, inaharibika hivyo.

Tumieni lameli ya 60 ao 80, mupitishe kwa wepesi, na mutie chuma ndani ya maji kila mara kabla hakijashindwa kushikwa na mukono. Na kwa kunoa kwa kila siku, tupa ya mukono inatosha. Mashini tuiache kwa jembe lililovunjika ukingo.

Kwa nyundo za mashini ya kusaga, musisugue moja peke yake. Zile zinazotazamana zinapaswa kubaki na uzito sawa, kama sivyo mashini itatikisika mpaka iharibu ruluma zake.

Kile ambacho bei haiwezi kulipa

Katika koperative moja tuliyotembelea, diski za 115 ziliisha katikati ya kazi. Kwenye rafu kulikuwa diski ya 230, tundu lake ni lile lile. Kijana wa ateliye aliondoa kinga ya chuma ili iingie, akawasha. Diski ilipasuka mbele hajagusa chuma. Kipande kimoja kilitoboa manjanja ya juu. Kijana hakuguswa, lakini tulipopima, kipande kilikuwa kimepita karibu na kichwa chake.

Angalieni hesabu yake. Diski ya 230 juu ya mashini ya mizunguko 11.000, ukingo wake unaenda metri 132 kwa sekonde, wakati imefanywa kwa 80. Nguvu inayoivuta ipasuke inakuwa karibu mara 2,7 ya ile inayoruhusiwa. Tundu kuingia si ruhusa. Ruhusa ni ile nambari ya mizunguko: ile ya diski lazima iwe sawa ao juu ya ile ya mashini.

Basi tunaomba kila komite ibandike haya kwenye ukuta wa ateliye:

1. Kinga ya chuma haiondolewi hata siku moja.
2. Miwani ya kinga kwanza, kisha kuwasha.
3. Diski iliyopasuka, iliyolowa ao iliyopita tarehe, ivunjwe mbele ya kutupwa, mutu asiiokote.
4. Diski mpya izungushwe bure dakika moja, watu wakisimama pembeni, si mbele yake.
5. Cheche zisielekee esansi, magunia wala unga wa muhogo.

Miwani moja ya kinga inakaa miaka. Jicho halina duka.

Tufanye pamoja

Tunashauri kila ateliye ifungue kaye moja ya diski: tarehe, aina, bei, mikato, jina la fundi. Mwisho wa mwezi kesiye na fundi wakae pamoja waisome. Mutashangaa namna malumbano yanapunguka kama nambari ziko mezani. Na mukitaka, mupatie monitere wenu hesabu hizo atuletee, ili koperative ya jirani isinunue kartoni nzima ya kitu ambacho ninyi mulishajua kwamba hakikati.

Msimu muzuri kwenu wote.